Kiswahili cha Amri na Kiswahili cha Hoja: Historia ya Ufundishaji wa Sayansi ya Mazingira katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya ufundishaji wa sayansi ya mazingira katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, kuanzia vituo vya utafiti vya kikoloni hadi programu za shahada za leo, kwa kuangalia lugha iliyotumika katika kila hatua. Hoja inayojengwa ni kwamba Kiswahili hakikukosekana katika historia hiyo; kilichokosekana ni Kiswahili cha kueleza sababu. Maarifa yalizalishwa na kufundishwa kwa lugha za kigeni, na Kiswahili kikabaki lugha ya kupeleka maagizo shambani. Mifano ya Uluguru, Kondoa na Shinyanga inatumika kuonesha gharama ya mgawanyo huo na manufaa ya kuupunguza. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo yanayovihusu vyuo vikuu, mamlaka za mazingira na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayesoma sayansi ya mazingira katika chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki hupita katika lugha mbili kwa siku moja. Asubuhi huhudhuria mhadhara kuhusu mzunguko wa naitrojeni kwa Kiingereza, au kwa Kifaransa akiwa Burundi au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mchana, akienda kijijini kukusanya data za tasnifu yake, huuliza maswali kwa Kiswahili au kwa lugha ya jamii husika. Jioni huyageuza majibu aliyopewa kuwa Kiingereza, na kuanzia hapo majibu hayo hayarudi tena kwa waliyoyatoa.

Hali hii imezoeleka kiasi cha kuonekana ya kawaida, lakini ina historia. Imejengwa na maamuzi ya kitaasisi yaliyofanywa kwa zaidi ya karne moja, na kwa hiyo inaweza kubadilishwa na maamuzi mengine. Mjadala wa lugha ya kufundishia katika kanda hii umejikita zaidi katika shule za msingi na sekondari. Sayansi ya mazingira inastahili kuangaliwa peke yake kwa sababu matokeo yake hayaishii maktabani. Mkulima asipoelewa sababu ya kuacha kulima kando ya mto, utafiti uliothibitisha sababu hiyo unakuwa haujamfikia mtu aliyekusudiwa.

2.0 Amani na Uluguru: Kiswahili cha Amri

Mwaka 1902 utawala wa Kijerumani ulianzisha Taasisi ya Biolojia na Kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Taasisi hiyo ilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya utafiti wa mimea ya kitropiki barani Afrika. Iliorodhesha mimea, ilijaribu mazao ya biashara na kuchunguza udongo. Ripoti zake ziliandikwa kwa Kijerumani. Wakati huohuo, utawala uleule ulikitumia Kiswahili kwa upana katika shughuli zake, na maakida waliandika na kupokea barua kwa Kiswahili. Tangu mwanzo, basi, lugha hii ilipewa kazi ya kutawala, na kazi ya kuchunguza ikaachiwa lugha nyingine.

Waingereza waliurithi mgawanyo huo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa misingi ya lahaja ya Kiunguja, na kazi yake ilihusu zaidi vitabu vya shule na tahajia. Katika miaka hiyohiyo, hofu ya mmomonyoko wa udongo ilienea katika makoloni na kuzaa kampeni za lazima za kuhifadhi ardhi, ambazo zilishika kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sheria ndogo zilimwelekeza mkulima achimbe matuta ya ukubwa gani, apunguze ng'ombe wangapi na asichome majani wakati gani. Aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa.

Mfano wa Uluguru unaeleza mengi. Mpango wa matumizi ya ardhi ulioanza huko mwaka 1950 uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko mikali. Wakulima walilalamika kwamba kazi ilikuwa nzito na mavuno yalipungua. Uchunguzi wa baadaye ulionesha kwamba malalamiko yao yalikuwa na msingi: katika sehemu nyingi udongo wa juu ulikuwa mwembamba, na kuchimba ngazi kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka hadharani na mpango ukaachwa. Huko Murang'a, Kenya, wanawake walikuwa wamegoma kuchimba matuta ya lazima mwaka 1948.

Si sahihi kudai kwamba lugha ndiyo iliyosababisha upinzani huo. Chanzo chake kilikuwa shuruti, kazi isiyolipwa na siasa za ukoloni. Hata hivyo, lugha inaeleza kwa nini kosa la kitaalamu halikurekebishwa mapema. Bwana shamba alikuja na Kiswahili cha amri: chimba, punguza, usichome. Hakuwa na Kiswahili cha hoja, yaani istilahi na mafunzo ya kuzungumzia kina cha udongo, mkondo wa maji na rutuba kwa namna ambayo ingemruhusu mkulima kujibu, na jibu lake kupokelewa kama ushahidi badala ya ukaidi.

3.0 Kutoka Makerere hadi Mlimani

Elimu ya juu ya kanda hii ilianza Makerere, chuo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1922 na kufikia mwaka 1949 kikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichogawanyika mwaka 1970 na kuzaa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa. Katika kipindi hicho hakukuwa na shahada iliyoitwa sayansi ya mazingira. Maarifa yake yalisambaa katika botania, zuolojia, jiografia, kilimo na misitu. Vituo vya utafiti vilikuwa nje ya madarasa, kama kile cha uvuvi wa maji baridi kilichoanzishwa Jinja mwaka 1947.

Uhuru ulileta matarajio mapya. Septemba 1961, katika kongamano la uhifadhi lililofanyika Arusha, Julius Nyerere alitoa tamko linalojulikana kama Azimio la Arusha la uhifadhi wa wanyamapori, ambalo halipaswi kuchanganywa na Azimio la Arusha la mwaka 1967 kuhusu ujamaa na kujitegemea. Miaka miwili baadaye Chuo cha Mweka kilifunguliwa chini ya Mlima Kilimanjaro ili kuwafunza Waafrika usimamizi wa wanyamapori. Tamko hilo la 1961 lilitolewa kwa Kiingereza, na Mweka ilifundisha kwa Kiingereza. Hadhira ya kwanza ya uhifadhi wa taifa jipya ilikuwa ya kimataifa.

Mwaka 1967 mambo matatu yalitokea Tanzania kwa pamoja. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Na huko Mlimani, Dar es Salaam, ilianzishwa Ofisi ya Utafiti wa Rasilimali na Mipango ya Matumizi ya Ardhi, iliyofahamika kwa kifupi cha Kiingereza kama BRALUP na ambayo mwaka 1983 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Idara ya Kiswahili iliyofundisha kwa Kiswahili hadi ngazi ya shahada.

Kwa hiyo, katika kilima kimoja, walikuwapo wataalamu waliokuwa wakithibitisha kwamba Kiswahili kinabeba mhadhara wa chuo kikuu, na wataalamu waliokuwa wakipima mmomonyoko wa udongo Dodoma na Uluguru. Watafiti wa BRALUP walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalikuwa msingi wa taaluma ya mmomonyoko nchini Tanzania. Yalichapishwa kwa Kiingereza. Ushirikiano na Stockholm au Uppsala ulikuwa na bajeti na ratiba. Ushirikiano kati ya idara mbili za Mlimani haukupewa mfumo wa kudumu wa namna hiyo.

4.0 Baada ya Stockholm: Kuzaliwa kwa Taaluma

Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm Juni 1972 uliyafanya mazingira kuwa suala la sera la dunia nzima. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilipewa makao Nairobi, likawa la kwanza la aina yake kuwa na makao makuu katika nchi zinazoendelea. Mkutano wa Tbilisi wa Oktoba 1977 ulisisitiza kwamba elimu ya mazingira itolewe katika ngazi zote, ndani na nje ya shule, na kwamba ivuke mipaka ya masomo ya jadi.

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki viliitika. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa Eldoret mwaka 1984, kiliunda skuli ya masomo ya mazingira katika muongo huohuo. Makerere ilianzisha taasisi ya mazingira na maliasili. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichozaliwa Morogoro mwaka 1984, kiliendeleza taaluma za misitu na uhifadhi wa ardhi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa tayari Zanzibar. Mtalaa wa vyuo hivi uliitika wito wa Tbilisi wa kuvuka mipaka ya masomo, lakini wito wa kutoka nje ya shule ulipata mwitikio mdogo.

Aliyelionesha pengo hilo kwa vitendo alikuwa mwanataaluma mwenyewe. Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971 na kufundisha hapo anatomia ya wanyama, alianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977. Alipoona kwamba utaalamu rasmi wa misitu ulidhani upandaji miti unahitaji cheti, aliwategemea wanawake wa vijijini waliotumia ujuzi wao wa mbegu na kuelezana kwa lugha zao. Walikuja kujulikana kama mabwana misitu wasio na diploma. Tuzo ya Nobeli ya Amani aliyotunukiwa mwaka 2004 ilikuwa pia uthibitisho kwamba maarifa ya mazingira hustawi pale yanapoelezwa kwa lugha ya wanaoyatekeleza.

5.0 Kondoa na Shinyanga: Tofauti ya Neno Moja

Miradi miwili ya Tanzania inaruhusu ulinganisho wa karibu. Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ilianza mwaka 1973. Jina lake lilikuwa la Kiswahili, jambo lililofuatwa baadaye na HASHI ya Shinyanga na HIMA ya Iringa. Wilayani Kondoa, ambako makorongo yalikuwa yamekata ardhi vibaya, serikali iliamuru mwaka 1979 mifugo yote iondolewe katika eneo la takribani kilomita za mraba 1,250. Uoto ulirudi kwa kasi iliyowashangaza wataalamu. Lakini wafugaji walihamia maeneo mengine pamoja na mifugo yao, na sehemu ya tatizo ikahama nao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ufugaji wa ndani ulianza kuruhusiwa. Jina lilikuwa la Kiswahili. Uamuzi ulikuja kama amri.

Hifadhi Ardhi Shinyanga ilianza mwaka 1986 katika mkoa uliokuwa umepoteza miti mingi kutokana na kampeni za kuangamiza ndorobo, upanuzi wa kilimo cha pamba na mahitaji ya kuni. Baada ya miaka ya mwanzo ya kugawa miche, wataalamu waligeukia utaratibu ambao Wasukuma walikuwa nao tayari: ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili majani yatumike wakati wa kiangazi. Neno hili la Kisukuma lilipokelewa katika Kiswahili cha mradi, likaingia katika sheria ndogo za vijiji, kisha katika machapisho ya kimataifa bila kutafsiriwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto.

Kufungamanisha mafanikio hayo na neno moja pekee kungekuwa kurahisisha mambo. Umiliki wa vijiji na kaya, pamoja na kulegezwa kwa athari za operesheni ya vijiji, vilichangia pakubwa. Lakini neno ngitili lilifanya kazi ambayo istilahi ya kigeni isingeweza. Lilikuja na kanuni zake: nani anafunga, lini panafunguliwa na nani analipa faini. Mtaalamu aliyelitumia alilazimika kuuliza kabla ya kueleza. Hapo mkutano wa kijiji ukawa mahali pa kujenga hoja, na mwanakijiji akawa chanzo cha maarifa.

6.0 Sheria Zimetangulia, Vyuo Vimebaki Nyuma

Tangu miaka ya 1990 nchi za kanda zimetunga sheria za jumla za mazingira: Uganda mwaka 1995, Kenya mwaka 1999, Tanzania mwaka 2004 na Rwanda mwaka 2005. Sheria hizi zimeifanya tathmini ya athari kwa mazingira kuwa sharti la miradi mikubwa na zimetoa nafasi kwa wananchi kusikilizwa. Kanuni za Kenya za mwaka 2003 zinataka mikutano ya hadhara na matangazo ya redio kwa lugha rasmi na za wenyeji. Kanuni za Tanzania za mwaka 2005 zinataka taarifa ya tathmini iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na Kiingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua haki ya mazingira safi na yenye afya katika ibara ya 42, na Kiswahili kama lugha rasmi katika ibara ya 7. Mwaka 2021 Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Sheria, kwa hiyo, inamtaka mtaalamu afanye kwa Kiswahili kazi ambayo chuo hakikumfundisha kuifanya. Muhtasari wa Kiswahili huandikwa mwisho, baada ya hoja zote kukamilika kwa Kiingereza. Unakuwa tafsiri ya uamuzi uliokwisha kufikiwa, ilhali lengo la sheria lilikuwa mwananchi achangie kabla ya uamuzi. Ni Uluguru katika sura ya kistaarabu zaidi: faini haipo, lakini hoja bado husafiri upande mmoja.

7.0 Istilahi: Mahali Maana Inapopotea

Madai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha hayana nguvu tena. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa likitoa istilahi sanifu tangu miaka ya 1970, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mfumo ikolojia, bioanuwai, hewa ukaa, gesi joto na maendeleo endelevu ni maneno yanayosikika redioni. Tatizo ni kwamba istilahi hizi hazijajaribiwa katika mhadhara na maabara, mahali ambapo dhana hulazimika kutofautishwa kwa ukali.

Mifano miwili inatosha. Wa kwanza ni tabianchi na hali ya hewa. Mzungumzaji anayetumia hali ya hewa kwa dhana zote mbili hukosa njia ya kutenganisha mvua ya wiki hii na wastani unaokokotolewa kwa miaka 30. Mkulima anayeambiwa kwamba hali ya hewa imebadilika anaweza kujibu, kwa haki kabisa, kwamba hubadilika kila siku. Neno tabianchi limeenea Tanzania, lakini matumizi yake katika nchi nyingine za kanda hayajatulia.

Wa pili ni uchafuzi. Neno hili limetokana na uchafu, na uchafu kwa kawaida huonekana au hunuka. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria huweza kuingia katika maji yanayoonekana meupe. Wanajamii wakiulizwa kama maji yao yamechafuliwa, jibu la hapana linaweza kuwa sahihi kwa mujibu wa lugha na hatari kwa mujibu wa afya. Kiswahili chenyewe kimekwisha kutoa suluhisho katika usemi wa maji safi na salama, ambao unakiri kwamba usafi na usalama ni mambo mawili. Mtafiti aliyefunzwa kuiona tofauti hiyo ataunda dodoso bora zaidi. Hivyo, suala la lugha si la heshima ya utamaduni tu. Linagusa uhalali wa data.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa haithibitishi kwamba Kiingereza kiondolewe katika ufundishaji wa sayansi ya mazingira. Majarida, mikataba na data za satelaiti vinapatikana zaidi kwa Kiingereza, na mhitimu asiyekimudu atafungiwa milango mingi. Wala Kiswahili hakina nguvu sawa kila mahali: katika vijiji vingi vya Uganda, Rwanda na Burundi, lugha ya hoja ni ya jamii yenyewe. Kinachothibitishwa ni kwamba mgawanyo wa kazi kati ya lugha ulioanza Amani mwaka 1902 umedumu hadi leo bila kuhojiwa vya kutosha, na kwamba unagharimu.

Mazingira ya kisera yanaruhusu mabadiliko. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekipa hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kiingereza na Kifaransa. Na Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Hadhi hizi zinahitaji kazi za kufanya. Mapendekezo matatu yanatolewa.

Kwanza, kila programu ya shahada ya sayansi ya mazingira iwe na kozi ya lazima ya mawasiliano ya nyanjani, itakayofundishwa kwa ushirikiano na idara ya Kiswahili, ambamo mwanafunzi atatahiniwa kwa kueleza matokeo ya kisayansi mbele ya wasio wataalamu na kujibu maswali yao. Pale Kiswahili kisipotawala, kozi hiyo iandaliwe kwa lugha ya eneo.

Pili, tasnifu zinazotokana na utafiti wa vijijini ziwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache, utakaorudishwa katika ofisi ya kijiji au kata iliyotoa data. Gharama yake ni ndogo, na utaupa mtaalamu wa tathmini mazoezi anayoyakosa leo.

Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya Kiswahili na mamlaka za mazingira za nchi wanachama, iratibu orodha moja ya istilahi za mazingira. Orodha hiyo iwe na safu ya maneno ya jamii kama ngitili, yakiwa na maelezo ya kanuni zinazoambatana nayo, ili wataalamu wajue kwamba baadhi ya dhana wanazozitafuta zilikwisha kupewa majina na watu wanaoishi nazo.

Mapendekezo haya hayahitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Yanahitaji idara mbili za chuo kimoja kukaa meza moja, jambo ambalo lingeweza kufanyika Mlimani tangu mwaka 1970. Makorongo ya Kondoa na matuta yaliyoachwa Uluguru yanaonesha kile kinachotokea utaalamu unapomfikia mwananchi kama amri. Ngitili za Shinyanga zinaonesha njia nyingine, na njia hiyo ilianza kwa mtaalamu kuuliza neno na kusubiri kuelezwa maana yake.